Soksi za Betri

Muuza chai hakupiga hodi. Aliingia kibandani na birika lake mkononi, akasema tochi imempasukia Mrefu mdomoni huko machimboni, na waliomwona walisema mdomo ule si mdomo tena.

Fundi Wati alikuwa ameinamia meza yake analehemu waya. Akakiweka chini kile chuma cha moto, akapuliza moshi, ndipo akauliza tochi ya nani. Muuza chai akamtazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. Kule shimoni kulikuwa na tochi za nani nyingine? Zote kumi na nne zilitoka kwenye meza ile ile aliyoiinamia Fundi.

"Haiwezekani," Fundi akasema. "Mimi napima."

Mkewe alikuwa kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, anavisha betri soksi. Watu walimwita Mama Wati, ingawa hakuwahi kuzaa mtoto wa jina hilo. Jina la mume lilikuwa limemrukia tu, kama harufu ya risasi ya kulehemu ilivyoingia katika nguo zake. Alikuwa ameshika betri moja juu ya joto, plastiki ya buluu inanywea na kuibana. Aliposikia neno mdomoni aliisahau pale pale juu ya makaa mpaka plastiki ikaanza kunuka. Yeye hakuwa na haja ya kuuliza imewezekanaje.

Soksi zilianza kwa ajili ya maneno ya wateja. Fundi alizichomoa betri zake kwenye kompyuta mbovu za mapajani, nyingine za waridi, nyingine kijani, nyingine kijivu cha panya. Alichukua tochi ya kawaida ya betri kavu, akaikata kiuno, akaunganisha kipande cha bomba la maji, akatia betri mbili za kompyuta mahali pa zile tatu za dukani. Mwanga wake ulikuwa kama wa gari, na wachimbaji waliipenda kwa kuwa ilikaa vizuri kati ya meno. Mtu anayepanda kutoka shimoni mikono yake yote miwili iko kwenye kamba, kwa hiyo tochi huing'ata. Lakini wakifungua na kukuta betri moja ya waridi na nyingine ya kijani, walilalamika. Mmoja alimuuliza Fundi mbona amempa moja ya kiume na moja ya kike, anataka zizaliane humo ndani? Fundi akanunua mirija ya plastiki ya buluu, inayonywea ikipata joto, kuwa soksi. Tangu siku hiyo betri zote zikawa mapacha, hata zile zilizookotwa kwenye majalala mawili tofauti, na hakuna aliyelalamika tena.

Kabla ya soksi palikuwa na kipimo, na hapo Fundi hakuwa na mzaha. Kila betri aliichaji, akaipima, akailaza wiki nzima, akaipima tena. Iliyoshuka aliikwaruza kwa msumari alama ya kosa, kama mwalimu anayekosoa hesabu, akaitupa kwenye bakuli jeupe. Zilizobaki imara aliziweka kwenye bakuli jekundu, na hata hizo alizipanga mbili mbili kwa nguvu zao. "Tochi moja, nguvu moja," aliwaambia wateja, mpaka wakawa wanamwigiza.

Wiki tatu nyuma msimamizi wa machimbo alikuja na oda ambayo hawakuwahi kuipata. Tochi kumi na nne, Jumatatu asubuhi. Alisema kumi na nne au basi, asipoletewa zote atachukua za dukani. Fundi akaanza vizuri, kisha homa ikamwangusha. Siku tatu hakujijua. Mama Wati akamalizia kazi peke yake, maana mikono yake ilikwisha kuijua, na Jumapili mchana akahesabu bakuli jekundu akakuta betri ishirini na nne. Zilipungua nne.

Alikaa akilitazama bakuli jeupe. Akachagua nne, akazichaji, akazijaribu, zikawaka. Akazivisha soksi juu ya alama za msumari. Sasa akawaza: nikizitia dhaifu mbili kwenye tochi moja, huyo atakayeipata ataachwa gizani kabla ya adhuhuri. Si haki hasara yote imwangukie mtu mmoja. Basi kila dhaifu akaipa mwenzake mwenye nguvu, ili imsaidie, na upungufu ugawanyike kwa wanne asiuone hata mmoja. Aliona amefanya jambo la utu. Kwa kweli alijisikia vizuri.

Fundi alipoamka homani alikuta oda imekwisha pelekwa na dawa zake zimelipwa. Akamsifu mkewe mbele ya watu. Alisema hata akifa leo, kibanda hakitafungwa. Baada ya maneno kama hayo, Mama Wati hakupata mahali pa kuanzia.

Fundi alifunga kibanda, akakizungushia kipimo chake kitambaa kama mtoto mchanga, wakashika njia ya machimboni. Alikuwa bado hajapata mwili wake, suruali ilimning'inia. Lakini alitembea kwa haraka na alizungumza njia nzima. Hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira ya mtu aliyesingiziwa.

"Nawajua hawa," alisema. "Betri moja ikichoka, anakwenda kuokota nyingine barabarani anaipachika. Nimewaambia mpaka nimechoka. Unabadilisha zote mbili au unaacha."

Mama Wati akauliza, kwa sauti ambayo hakuitambua mwenyewe, kwani moja nzima na moja dhaifu zina ubaya gani? Si ile nzima inamsaidia mwenzake?

"Inamsaidia?" Fundi akacheka. "Mama, umekaa na mimi miaka yote hii. Chukua watu wawili wamebeba mzigo kwa mti mmoja begani. Wa nyuma kaishiwa nguvu, kaanguka. Wa mbele hana habari, hageuki, anakwenda tu. Anamburuza mwenzake chini. Betri ni hivyo hivyo. Dhaifu ikiisha, nzima haijui, inaendelea kusukuma umeme ndani ya mwenzake ambaye hana kitu. Hapo anachemka. Na bomba limefungwa, mvuke hauna pa kutokea." Akapangusa jasho. "Afadhali uweke mbili mbovu. Zitazimika pamoja, mtu atukane, basi."

Mama Wati akasimama. Fundi akatembea hatua kadhaa kabla hajagundua yuko peke yake, akageuka akamuuliza kuna nini.

"Kijiwe," alisema. "Kwenye kandambili."

Akainama, akaivua kandambili isiyo na kijiwe, akaikung'uta. Miaka yote alisikia lile la usichanganye akidhani ni habari ya tochi kufa mapema, ya hasara tu. Hakuwahi kuuliza kwa nini, na Fundi hakuwahi kudhani kwamba mkewe hajui. Kama angekuwa mchoyo, kama angempa mtu mmoja zile dhaifu mbili na kumwacha apambane na bahati yake, Mrefu angekuwa na mdomo wake. Jambo hilo lilimuuma kuliko kosa lenyewe. Na bado kulikuwa na tochi nyingine tatu za namna ile ile, mdomoni mwa watu watatu, na mmoja katika wale kumi na nne alikuwa shemeji yake, mdogo wa Fundi wa tumbo moja.

Alitaka kusema pale pale njiani. Lakini akakiona akilini kibao cha kibanda chao, kilichoandikwa kwa rangi jina la Fundi Wati na si lake. Akija mtu na pingu, hatauliza nani alivisha soksi. Akavaa kandambili, akaendelea kutembea.

Machimboni kazi ilikuwa imesimama. Wachimbaji walikuwa wamechuchumaa kwenye kivuli cha mabati, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kila mmoja tochi yake imening'inia shingoni kwa uzi. Msimamizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya gunia, na juu ya gunia ilikuwapo tochi iliyopasuka. Mrefu alikwisha pelekwa zahanati kwa pikipiki. Mkewe alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, amepakata shati la mumewe. Hakuwa analia. Alikuwa anaikunja mikono ya shati, anaikunjua.

Mdogo wa Fundi hakuwamo kivulini. Mama Wati aliwahesabu mara mbili. Akauliza, akaambiwa yumo chini, amebaki anaweka magogo ili kuta zisije zikaporomoka, atapanda akimaliza.

Fundi aliwasalimu wote, akapiga goti mbele ya gunia, akafungua kitambaa chake taratibu ili watu waone. Alitoa betri nzima kwanza, akaigusisha waya za kipimo, akamwonyesha msimamizi tarakimu. Safi. Kisha akaitoa ile iliyopasuka. Upande mmoja ulikuwa umefumuka, soksi imeyeyuka nusu, nusu imebaki buluu. Mama Wati alimwona anakunja uso kwa ile rangi. Hakuna mwingine katika mji ule aliyevisha betri zake soksi za buluu. Fundi akaanza kufuta masizi kwa dole gumba, polepole, kisha dole gumba likasimama.

Lilisimama mahali pamoja na halikuondoka. Mama Wati alijua kilichokuwa chini yake. Fundi naye alikuwa anakijua, maana msumari ulikuwa wake na mkono ulikuwa wake. Hakugeuka kumtazama mkewe. Shingo yake tu ilibadilika, ikawa kama ya mtu aliyebebeshwa kitu.

"Haya, Fundi," msimamizi akasema. "Yako au si yako?"

"Tochi ni yangu."

"Na betri?"

Fundi akazidi kukandamiza dole gumba. "Mtu ameifungua hii. Ameingiza betri nyingine."

Mke wa Mrefu aliacha kukunja shati. "Nani ameifungua? Mume wangu? Huyo hata redio akiiwasha ananiita mimi. Hakuifungua. Baba, usimseme mtu asiyeweza kujibu."

"Dada, mimi nasema kinachoonekana," Fundi akajibu, lakini alikuwa analiambia gunia.

Msimamizi akaonekana kutuliwa mzigo. Ikiwa mtu ameichezea tochi mwenyewe, basi ameumia kwa mkono wake, na ofisi haiingii hapo. Matibabu ni yake. Na tochi ilikuwa mali ya kazi, itakatwa kwenye ujira wake akipona. Aliyasema haya bila ukali, kama mtu anayepanga viti. Mke wa Mrefu akaanza kuwatazama wanaume mmoja mmoja, akitafuta wa kusema neno, na kila aliyefikiwa na macho yake aliona kitu cha kuangalia chini.

Kisha msimamizi akapiga makofi mawili. Zamu ya mchana ijiandae.

Sita wakainuka. Wakajifunga kamba viunoni, na kila mmoja akaiwasha tochi yake mchana kweupe kuijaribu, akaitia mdomoni, akaing'ata, akaitoa, akafuta mate kwa kiganja. Walifanya hivyo bila kufikiri, kama watu wanavyovaa viatu. Mama Wati akaona midomo. Hakuona kitu kingine pale ila midomo sita.

"Msishuke," alisema.

Sauti haikutoka vizuri. Akasema tena.

"Nyamaza, Mama," Fundi akamwambia kwa chini. Hakumfokea. Alimwambia kama mtu anayemfunika mwenzake shuka, na kwa muda mfupi Mama Wati alitamani kukubali, aondoke na mume wake, wafunge mlango, wasizungumze tena juu ya jambo hili mpaka wafe.

"Mrefu hakufungua chochote," alisema. "Hiyo betri niliitia mimi. Fundi alikuwa hajijui kwa homa. Zilipungua nne, nikachukua mbovu nne nikazivisha soksi, nikazigawa kwenye tochi nne. Moja ndiyo hiyo. Zimebaki tatu, ziko shingoni mwenu, na mimi sijui ni zipi. Zote zinafanana. Tulizifanya zifanane."

Mmoja wa wale sita alicheka kidogo, si kwa furaha, akaivua tochi shingoni akaiweka chini mbali naye, kama nyoka. Wengine wakafuata. Mke wa Mrefu alimtazama Mama Wati, kisha akaitazama ile mikono ya shati.

Msimamizi akamuuliza Fundi kama anajua alichokisema dakika tatu zilizopita mbele ya watu. Fundi akasema anajua. Msimamizi akamwita mwongo, akamwita mgonjwa asiye na adabu, akamwita muuza mabomu, na Fundi akayaitikia yote kwa kichwa, huku anatoa wembe mfukoni. Hakuwa na nafasi ya kuona haya. Tochi kumi na mbili zilikuwa chini ya jua, na iliyobaki ilikuwa shimoni.

Walikaa wote wawili chini, yeye anafungua, mkewe anachana. Soksi za buluu zilitoka kama maganda. Waridi. Kijani. Waridi. Kijivu. Wachimbaji walisimama juu yao, na yule mteja wa kike na kiume alikuwamo, hana mzaha leo. Katika tochi ya tano, chini ya plastiki, ilitokea alama ya msumari. Mtu akavuta pumzi. Mwenye tochi hiyo, mzee mmoja mwenye kikohozi, akaomba aishike aione. Katika tochi ya tisa ikatokea nyingine. Wakafika ya kumi na mbili. Ilikuwa salama.

"Mbili," Mama Wati akasema. Fundi alikuwa amekwisha inuka anaikimbilia kamba.

Kamba ilikuwa inatikisika. Mdogo wake alikuwa amemaliza magogo, anapanda.

Mama Wati akajitupa kifudifudi ukingoni. Kule chini palikuwa na nukta ya mwanga inayoyumba, mweupe, mkali, mwanga mzuri ambao Fundi alijivunia. Akafungua kinywa kuita, mkono wa mtu ukamziba. Ni yule mzee wa kikohozi. Akamwambia sikioni asiite: akiitwa atajibu, akijibu tochi itamponyoka, na vikanyagio vimelowa, giza likimkuta pale katikati ataanguka pima zote hizo. Na kamba wasiivute, atadhani kuna hatari atarudi chini. Hakuna la kufanya. Apande tu.

Basi wakakaa kimya, watu wazima kumi na kitu, wanatazama mwanga. Ulipanda kidogo, ukasimama. Alikuwa anapumzika. Mama Wati alimchukia kwa kupumzika. Ukapanda tena. Aliweza kusikia pumzi zake kwa puani, na mikwaruzo ya miguu, na alimwomba Mungu bila maneno, akiitaja tochi tu, tochi, tochi. Mwanga ukaanza kufifia, ukawa wa manjano, na Fundi akasema taratibu, "Imeisha. Dhaifu imeisha." Alikuwa analia na hakujua.

Kichwa kilipotokea, Fundi alimnyakua mdogo wake tochi mdomoni kabla hajaweka goti ardhini, akaitupa kwenye pipa la maji la kuoshea mawe. Ikafanya sauti ya chuma cha moto.

"Kaka, vipi?" shemeji yake akasema, anashika taya. "Si ungesubiri nikusalimu? Halafu hilo dude lako limenichoma midomo."

Mama Wati alimkumbatia miguu, kwa kuwa miguu ndiyo ilikuwa karibu.

Kama hadithi ingeishia hapo, watu wangeshukuru wakatawanyika. Lakini msimamizi alikuwa na zamu ya kushusha. Alisema tochi zilizochanwa ni nzima, wenye nazo washuke. Watatu wasio na tochi wapishe, kuna watu nje ya uzio wamekuja na tochi zao tangu asubuhi wanaomba nafasi. Fundi ataacha kipimo chake pale mpaka atakaporudisha thamani ya tochi nne. Fundi akakiokota, akakizungushia kitambaa chake, akakitoa kwa mikono miwili.

Mzee wa kikohozi alimfuata Mama Wati mpaka pembeni. Alizungumza kwa heshima.

"Mama, nirudishie ile yangu."

"Ina alama, baba. Umeiona."

"Nimeiona. Nitaishika mkononi. Sitaitia mdomoni."

"Na utapandaje kwa mkono mmoja?"

Akakohoa, akangoja kikohozi kimwachie. "Wiki mbili nimeitumia, haikunifanya kitu. Nikitoka leo kwenye mstari huu sirudi tena, mimi umri umekwenda. Ungenyamaza ningekuwa nimeshashuka."

Mama Wati alikuwa amezifumbata zile betri mbili mkononi. Hakumpa. Mzee akasimama kidogo, kana kwamba huenda Mama Wati akabadili nia, kisha akaenda akaketi karibu na uzio, mahali ambapo msimamizi angeweza kumwona.

Waliondoka bila kusindikizwa. Mdogo wa Fundi alibaki kubembeleza nafasi yake. Walipofika njia panda, ya kushoto kibandani, ya kulia zahanati, Fundi alisimama.

"Nilikuwa nimeshaifunika," alisema. "Dole langu lilikuwa limeshaifunika."

"Niliona."

"Basi kwa nini?"

Alitaka kumwambia habari ya midomo sita, lakini Fundi alionekana mtu wa kupulizwa na upepo, na Mama Wati hakuwa na nguvu ya kumwonea huruma na kujitetea wakati mmoja. Akamwambia atangulie nyumbani, anywe dawa. Yeye akafuata njia ya kulia, nyuma ya mke wa Mrefu, ambaye alikuwa mbele yao muda wote na hakugeuka.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na benchi. Mrefu alikuwa kwenye kitanda cha ndani. Miguu ilizidi kitanda, wamemwekea ndoo iliyopinduliwa aegeshe visigino. Kutoka pua mpaka kidevu alikuwa bandeji, na katikati ya bandeji wameacha tundu la mrija. Macho yalikuwa mazima. Mganga alisema hatasema kwa muda mrefu, na akisema huenda asieleweke vizuri.

Mke wa Mrefu aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwekea shati lake kifuani. Mama Wati alibaki mlangoni. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake yote, na sasa aliona kwamba yalikuwa ya kujisafisha, hakuna hata moja lililomfaa yule mtu.

Mrefu akamwona. Akamtambua, na kwa haraka ambayo mtu aliyeumia vile hapaswi kuwa nayo akajaribu kuinuka. Mkewe akamlaza. Akainua mikono. Kwa mkono mmoja alishika kitu kisichokuwapo, kwa mwingine akakizungusha, kama mtu anayefungua mfuniko. Akapulizia kwa pua. Akafuta kwa kidole. Kisha akajigonga kifuani mara mbili, akamwangalia Mama Wati, akakusanya viganja vyake pamoja.

"Anasemaje?" Mama Wati akauliza.

Uso wa mke wa Mrefu ulikuwa wa mtu aliyeapa kitu mbele ya watu kisha akakuta si kweli.

"Anasema aliifungua," alisema. "Ilikuwa imeingia maji, akaifuta ndani, akaifunga. Nilisikia waliompandisha kwenye pikipiki wakimwambia ameharibu tochi ya watu." Mumewe akamgusa mkono, akasugua vidole viwili, akaonyesha mbele, mbele zaidi. "Anasema atawalipa. Anaomba Fundi asikasirike. Anaomba radhi, dada."

Mrefu akaitikia kwa macho. Akanyoosha mkono wake mrefu kutoka kitandani, kiganja wazi, amshike mkono wayamalize.

Mama Wati akasogea mpaka kitandani. Akapiga magoti ili macho yao yalingane. Kiganja kilikuwa mbele yake, vumbi jeupe bado liko kwenye mistari.

"Kuifuta maji si kosa," alisema. "Hukuharibu kitu. Betri uliyopewa ilikuwa mbovu, na mimi nilijua ni mbovu nilipoivisha. Nilidhani mwenzake ataisaidia. Ni mimi, si wewe."

Alimwona anasikiliza. Alimwona anayarudia maneno yale ndani kwa ndani, moja baada ya jingine, kama mtu anayepima. Hakumpiga, na hakuweza kumtukana. Mrefu akaurudisha mkono wake chini ya shuka.